Mkopo wa nyumba wa kulipa riba tu: afisa mikopo anasema nafuu, mimi naona kiza. Wenye uzoefu njooni

#1 Katubuka Juu
Wakuu habari za jioni.

Nina boma Katubuka, hapa Kigoma mjini. Vyumba vitatu, lenta imepita, kupaua bado. Limesimama hivyo tangu 2019 na sebuleni imeota mipapai miwili, mmoja umeshaanza kuzaa. Hati ninayo. Nikipata kama mil 40 napaua, naweka dari, madirisha, umeme, maji na uzio, tunahama nyumba ya kupanga kule Mwanga.

Afisa mikopo wa benki moja (sitaitaja) kanipa njia mbili. Mkopo wa miaka 15, riba asilimia 16 kwa mwaka, inahesabiwa kwenye salio linalopungua. Njia ya kwanza, rejesho la kawaida tangu mwezi wa kwanza, riba na deni la msingi kwa pamoja. Njia ya pili, miaka 5 ya mwanzo nalipa riba peke yake, deni lenyewe siligusi, halafu miaka 10 iliyobaki ndiyo naanza kulilipa. Anasema hii ya pili ni nafuu, "unapumua kwanza". Na mtoto wa baba mdogo aliyeko Birmingham anasema huko wenye nyumba za kupangisha wengi wanalipa hivyo hivyo na mambo yao yananyooka.

Mimi ni mtumishi, nategemea mshahara. Nani kawahi kupita huko? Faida zake, hasara zake. Kejeli ruksa ila msaada kwanza.

#2 Fundi Lenta
Mipapai sebuleni tangu 2019? Hongera kwa shamba mkuu.

Tofali za kuchoma au za saruji? Kama ni za kuchoma na zimenyeshewa masika yote hayo, kabla ya kusaini chochote mwite fundi apande juu agonge kozi tatu za mwisho. Usije ukakopa hela ya kupaua ikaishia kwenye kubomoa.

#3 Mnyamwezi wa Isevya
Kukopa harusi, kulipa matanga.

Niko zangu Tabora nawatazama Waha mnavyojipeleka wenyewe.

#4 Katubuka Juu
#2 za kuchoma. Umenitisha, Jumamosi naenda na ngazi.
#3 mtani, methali hiyo nilijua itakuja, sikujua itawahi hivi.

#5 Kokotoa
Mtoa mada, achana na neno "kupumua". Chukua karatasi.

Mil 40 kwa asilimia 16 inazaa riba ya 6,400,000 kwa mwaka. Gawa kwa 12 unapata 533,333. Hilo ndilo rejesho la riba tu. Ukilipa kawaida kwa miaka 15, rejesho ni kama 587,480. Toa moja kwenye nyingine: 54,147. Hiyo elfu hamsini na nne ndiyo pumzi unayouziwa.

Miaka 5 ikiisha, deni lako bado ni mil 40 kamili, halijapungua hata mia. Sasa una miaka 10 tu ya kulimaliza, kwa hiyo rejesho linaruka kutoka 533,333 hadi 670,052. Mshahara wako utakuwa umeruka hivyo?

Jumla yake: njia ya kawaida utakuwa umelipa kama mil 105.7. Njia ya riba kwanza, kama mil 112.4. Umeokota mil 3.2 mwanzoni, umerudisha hiyo hiyo na nyingine 6.7 juu yake.

Birmingham inaonekana tamu kwa sababu ya riba. Chukua mil 40 hizo hizo kwa asilimia 4 na miaka 25. Riba tu ni 133,333 kwa mwezi, kawaida ni kama 211,134. Pale mtu anapunguziwa zaidi ya theluthi ya rejesho. Wewe unapunguziwa chini ya sehemu moja ya kumi. Riba ikiwa kubwa, rejesho la kawaida la miaka ya mwanzo tayari karibu lote ni riba, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kuondoa.

#6 Wakala wa Gungu
Nimekaa paleee na karanga zangu.

#7 Mama Dagaa Kibirizi
Kokotoa hesabu yako nimeielewa, lakini umemhesabia mtu anayelipwa kila mwezi. Sisi wa ziwani je?

2024 ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu hakuna mtumbwi unaotoka. Mimi nina mkopo wa biashara, dhamana nyumba ya marehemu mume wangu. Nilikwenda benki wiki mbili KABLA ya kufungwa, nikawaambia ukweli: kuanzia tarehe hiyo sina kitu. Wakanikubalia miezi mitatu nilipe riba tu. Rejesho la laki nne na ishirini likashuka hadi laki moja na themanini. Vichanja vitupu, nikawa nachuuza mawese kwa kidumu, laki na themanini ikawa inapatikana. Jirani yangu alisubiri mpaka Julai, ameshachelewa malipo mawili, hata kusikilizwa hakusikilizwa. Akaenda kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali.

Kwa hiyo riba tu ilinisaidia. Ila ilikuwa miezi mitatu, na nilijua tarehe ya ziwa kufunguliwa. Mtoa mada anajua tarehe gani ya ziwa lake kufunguliwa?

#8 Mtumbaku wa Urambo
Mama Dagaa umenena. Mimi mkulima wa tumbaku, hela yangu inakuja kwa msimu. Rejesho la kila mwezi kwangu ni adhabu, Novemba nanunua chakula cha vibarua, ya kupeleka benki natoa wapi? Riba kidogo kidogo kila mwezi, halafu soko likiisha nipunguze deni kwa mkupuo, ningeuchukua leo.

Shida, malipo ya tumbaku nayo yanaweza kuchelewa. Hapo ndo nasitaga.

#9 Mjukuu wa Ujiji
Asalaam aleikum. Mnajadili riba ndogo na riba kubwa, kwangu zote ni riba. Zipo benki zinazofuata misingi ya Kiislamu, Amana ilianza 2011 na benki nyingine zimefungua madirisha ya huduma hizo. Kuna mfumo benki inakuwa mshirika wako kwenye nyumba, wewe unanunua hisa zake kidogo kidogo na kulipa kodi ya sehemu ambayo bado ni yao.

Hata kwa asiye Muislamu, tazama hiki: huo mkopo wa riba tu wa miaka mitano ni kupanga nyumba yako mwenyewe. Unalipa kila mwezi na hujanunua hata tofali moja.

#10 Mnyamwezi wa Isevya
Sasa shekhe, kama hiyo kodi mwisho wa mwezi inalingana na riba, tofauti iko wapi?

#11 Mjukuu wa Ujiji
Tofauti ni mkataba na nani anabeba hasara ikitokea. Nenda kaulize wenye elimu, usibishane na mtu ambaye simu yake ina chaji asilimia 4.

#12 Mwalimu Kasulu
Naomba nimtetee afisa mikopo kidogo. Kwa mtumishi lipo suala la theluthi: makato yote yakivuka theluthi mbili ya mshahara mkopo haupiti. Hiyo 54,147 mnayoicheka inaweza kuwa ndiyo inayofanya mkopo upite au usipite. Nilishakataliwa kwa pungufu ya elfu kumi na tisa, najua ninachosema.

Mimi mpango wangu ungekuwa huu: nilipe riba tu muda wote, nikistaafu namaliza deni la msingi kwa mafao ya mkupuo.

#13 Slipu Imechoka
Mwalimu, kwa mafao yapi? Wapo waliopanga hivyo wakijua mkupuo ni asilimia 50. Julai 2022 kikokotoo kipya cha mafao kikaja na 33. Mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40. Katika miaka hiyo deni la msingi halikubadilika hata senti. Wewe unaweka ahadi isiyotikisika juu ya hela inayotikisika.

#14 Mbeba Boksi
#13 umegusa kidonda cha huku. Miaka ya 1980 na 1990 Uingereza watu waliuziwa mkopo wa riba tu pamoja na bima ya akiba. Mpango ulikuwa bima ikiiva ndiyo ilipe deni lote. Bima zikaiva pungufu, watu wako karibu kustaafu wanaambiwa bado unadaiwa. Tangu 2014 mkopeshaji huku lazima akuulize na aone utalipa deni la msingi kwa nini hasa. "Mungu atasaidia" haiandikwi kwenye fomu.

Na huyo ndugu wa Birmingham hajadanganya, nyumba za kupangisha huku nyingi ni riba tu. Lakini wanategemea kodi ya mpangaji ilipe riba, na mwisho wauze nyumba. Mtoa mada anataka kulala humo yeye na watoto.

#15 Sina Hofu
Si ndiyo mikopo hii hii iliyoiangusha Uingereza 2008 dunia nzima ikayumba?

#16 Mbeba Boksi
Chanzo kikubwa kilikuwa Marekani mkuu, Uingereza ilikumbwa pia. Na haikuwa riba tu peke yake. Kulikuwa na riba za kuvutia zinazoanza chini kisha zinapaa, na watu kukopeshwa bila kuonyesha kipato. Ila ni kweli riba tu ilikuwemo kwenye chungu, ndiyo maana kuanzia 2014 sheria za Marekani ziliiondoa kwenye kundi la mikopo inayohesabika salama. Australia nao mwaka 2017 waliziambia benki mikopo ya aina hii isizidi asilimia 30 ya mikopo mipya ya nyumba.

#17 Kokotoa
Nyongeza kwa #16: hicho kikomo cha Australia kiliondolewa mwanzoni mwa 2019. Na Denmark wanayo tangu 2003, nchi haijazama. Kwa hiyo tusiseme ni sumu kila mahali. Narudi palepale, ni suala la asilimia 4 na asilimia 16.

#18 Mzee wa Reli
Vijana mnahesabu vizuri lakini mmesahau shilingi. Mimi nimestaafu reli hapa Tabora. Enzi za Benki ya Nyumba, kabla haijafungwa 1995, kuna mwenzetu wa karakana alikopa akajenga Cheyo. Rejesho la mwanzo lilikuwa linamtoa jasho, anakula mihogo mchana. Miaka ikapita, bei zikapanda, mishahara nayo ikasogezwa, rejesho likabaki pale pale. Mwishoni alikuwa analipa hela ya soda. Nyumba ipo mpaka leo, wanakaa wajukuu.

Deni usilolipa leo, kesho ni jepesi. Kwa hoja hiyo, kuchelewesha deni la msingi ni akili.

#19 Kokotoa
Shikamoo mzee. Hadithi ni ya kweli kwa wakati wake, bei zilikuwa zinapanda kama asilimia 30 kwa mwaka. Sasa mfumuko uko kwenye 3. Unalipa 16 kwa hela inayopungua 3. Kuchelewesha hapo kunakula mkopaji.

#20 Mzee wa Reli
Marahaba. Wewe una uhakika wa 3 ya miaka 15 ijayo? Mimi mwaka 1970 nisingeiotea ile 30.

#21 Hisa Kidogo
Mtoa mada achukue riba tu, ile elfu 54 aitupe UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kila mwezi. Miaka 5 ana mtaji wake.

#22 Slipu Imechoka
#21 UTT ikikupa 12 wakati benki inakukata 16, unapata faida kwa nani? Na tuseme ukweli, hiyo elfu 54 itaishia kwenye kitimoto cha Ijumaa.

#23 Gungu Kwetu
Mimi nimechukua huo mnaousifu, wa kawaida. Mil 20, asilimia 16, miaka 15, rejesho 293,740. Mwezi uliopita nilitimiza miaka 5 nikaenda kuomba taarifa ya mkopo. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki pale, dada wa kaunta ananigeuzia karatasi. Nimeshalipa zaidi ya mil 17.6. Salio: 17,535,000 na ushee. Nikamwambia dada hapa umesoma salio la mtu mwingine. Akaniwekea kidole kwenye jina langu.

Yaani miaka mitano, deni limeshuka chini ya mil 2.5. Kwa hiyo Kokotoa anaposema hizo njia mbili zinafanana mwanzoni, nakubali, ila msimpe mtoa mada matumaini kwamba hii nyingine inapunguza deni. Inalikwaruza tu.

Nilichofanya baada ya hapo: naongeza elfu 50 juu ya rejesho, na naandika barua iende kwenye deni la msingi. Bila barua wanaiacha ielee kwenye akaunti. Mtoa mada uliza kabla ya kusaini: ukilipa zaidi au kumaliza mapema, kuna faini? Kwangu ilikuwepo kwa kumaliza, kwa kuongeza haikuwepo.

#24 Kokotoa
#23 ndiyo post ya uzi huu. Hesabu zako nimezirudia, ziko sawa. Pole.

#25 Bi Mwanga
Naona wanaume mnapiga hesabu tu. Mtoa mada, mkeo anajua? Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenza kuridhia, sheria ya ardhi ya 1999 iko wazi na benki watataka saini yake. Mkishindwa kulipa mnaandikiwa notisi ya siku 60, halafu dalali anagonga geti. Siku hiyo anayefungua mlango ni yeye, wewe uko kazini.

#26 Katubuka Juu
Bi Mwanga… bado sijamwambia. Nilitaka nimfanyie sapraizi.

#27 Bi Mwanga
Sapraizi ya mil 40.

#28 Mnyamwezi wa Isevya
Nimecheka mpaka bosi kaniuliza kuna nini. Watani zangu mna mambo.

#29 Dalali Mkweli
Hapo kwa Mbeba Boksi (#14) kuna jambo limepitwa. Huko mtu akishindwa mwisho wa mkopo anauza nyumba, analipa deni, anabaki na chenji. Hapa Kigoma nyumba ya mil 60 unaweza kuitangaza mwaka mzima, wanaokuja wengi ni wa kuangalia. Wenye hela taslimu wanataka kiwanja wajenge wanavyotaka. Ukiwa na haraka ya benki unauza kwa bei ya kutupa. Riba tu inamtaka mtu anayeweza kuuza haraka.

#30 Sina Hofu
Dalali unapunguza makali. SGR, reli ya kisasa, ya Tabora hadi Kigoma mkataba ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506. Ikifika, Katubuka hiyo hutaigusa. Mtu aliyelipa riba tu miaka mitano ana nyumba iliyopanda thamani na hajaumia mfukoni.

#31 Mnyamwezi wa Isevya
Itafika Tabora kwanza, tukimaliza kupanda ndo tunawaruhusu ije huko mwisho wa reli.

#32 Dalali Mkweli
#30 viwanja vimeshapanda kwa maneno tu. Bei ya maneno benki hawaipokei.

#33 Mtumbaku wa Urambo
Hivi huko dagaa sado ngapi sasa hivi?

#34 Mama Dagaa Kibirizi
Njoo inbox mwanangu, usiharibu uzi wa watu.

#35 Fundi Lenta
Mimi bado siamini mil 40. Mkuu, paua kwanza. Bati, mbao, misumari na fundi, weka milango miwili na grili, ingia. Dari itakukuta ndani, uzio utakukuta ndani. Nusu ya Kigoma tumehamia hivyo. Kopa 15 kwa miaka 5, lipa kawaida, maliza, kopa tena ya umeme na maji. Nimewapaulia watu wengi. Waliohamia nyumba haijaisha wako mle mpaka leo, na wapo waliokamilisha kila kitu kwa mkopo ambao sasa wanapanga.

#36 Mwalimu Kasulu
Fundi, kukopa mara mbili ni ada mara mbili, bima ya mkopo mara mbili, uthamini mara mbili. Hiyo nayo ihesabu. Na rejesho la mil 15 kwa miaka 5 si dogo.

#37 Kokotoa
#36 kweli, mil 15 kwa 16, miaka 5, ni kama 364,771 kwa mwezi. Lakini jumla yake mil 21.9 na imeisha.

#38 Katubuka Juu
Wakuu nimerudi, ahsanteni sana.

Jumamosi nilipanda na fundi. Kozi mbili za juu upande wa magharibi zinabomoka kwa mkono, #2 ulisema kweli. Jumatatu nikarudi benki nikaomba jedwali la malipo ya njia zote mbili, mwezi kwa mwezi. Afisa akasema watu huwa hawaombi. Nikangoja. Namba za Kokotoa zimepishana na zake kwa shilingi chache tu. Nikauliza pia swali la #23: faini ipo ukimaliza kabla ya miaka 3.

Usiku nikamwekea mke wangu jedwali mezani, nikamweleza yote. Akasoma kimya ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akarudi wa kwanza. Akaniuliza, "Hii elfu hamsini na nne ulitaka kuifanyia nini?" Sikuwa na jibu. Saini hajaweka, kasema tuanze na hesabu ya bati. Mimi bado nawaza theluthi ya #12, maana kwa njia ya kawaida napita kwa kubana sana, ada ya shule ikiongezeka sijui. Kwa hiyo mwenye hoja aendelee.

#39 Mzee wa Reli
Mkeo apewe uongozi wa uzi.

#40 Wakala wa Gungu
Karanga zimeisha. Hayo mapapai ya sebuleni unauza?